Hatia na Kifo cha Kijana: Rosa Mistika na Utengano Zikisomwa Upya

Tangu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1971, uhakiki wake umeandamwa na swali moja: ni nani mwenye hatia? Swali hilo halikuzuka bure. Riwaya ilizuiwa kwa muda isisomwe katika shule za Tanzania kwa madai kwamba inapotosha maadili, na watetezi wake wakajikuta wakiitetea kwa silaha ya wapinzani wao. Walidai kwamba kitabu hakipotoshi bali kinaonya, na kwamba ushahidi wa onyo hilo ni kifo cha Rosa mwenyewe. Hivyo ndivyo kujiua kwa msichana kulivyogeuzwa kuwa funzo. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo hauungwi mkono na matini, na kwamba una madhara kwa wasomaji ambao wengi wao ni wa rika la Rosa alipoanza kuharibikiwa.

Yatazamwe kwanza matukio yenyewe. Rosa hafi katika siku za uasherati wake. Msichana anayetembea ovyo na wanaume, anayetoa mimba, anayepotea katika chuo cha ualimu, haangamii pale. Anayekufa ni mwalimu kijana aliyekwisha kujirudi, mwenye kazi yake, anayetazamia ndoa na Charles. Kama kifo ni adhabu ya uasherati, basi msanii amekosea saa: adhabu imemfikia mkosaji baada ya kosa kwisha. Lakini Kezilahabi si mwandishi wa kukosea saa. Kinachomfikisha Rosa kwenye uamuzi wake ni kudaiwa ubikira na mtu aliyemtumaini, na kutambua kwamba toba yake haina thamani sokoni. Mhakiki anayesema Rosa aliuawa na tabia yake anachukua msimamo wa Charles bila ya kujua.

Ipo sababu nyingine ya kulikataa fasiri hilo, nayo ni pombe. Ni ajabu kwamba katika riwaya inayosimuliwa sana kuwa kisa cha msichana mpotovu, ulevi unaotangulia ni wa baba. Zakaria anakunywa, na nyumba nzima inapangwa kuzunguka unywaji wake: Regina anabeba mzigo wa familia, na watoto wanajifunza mapema kusikiliza namna baba anavyorejea jioni kabla ya kujua wafanye nini. Baba huyu huyu anapogundua barua ya Charles kwa bintiye, anampiga kwa jina la malezi mema. Tukio hilo limejadiliwa sana kama mfano wa ukali uliopita kiasi. Halikujadiliwa vya kutosha kama tukio la nyumba ya mlevi. Ukali wa Zakaria na ulevi wake si sifa mbili za mhusika mmoja zilizokutana kwa bahati. Mtu aliyeshindwa kujitawala anatafuta mahali pa kutawala, na mwili wa binti ndio uliokuwa karibu.

Hapa lugha yenyewe inastahili kutazamwa. Methali za Kiswahili kuhusu malezi ni nyingi, na aghalabu zinamfanya mtoto kuwa kitu kinachofinyangwa. Udongo uwahi ungali maji. Samaki mkunje angali mbichi. Katika “mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”, mtoto ni mtendwa kwanza, na hata kukua kwake kunafuata mkono wa mlezi. Na “mchelea mwana kulia hulia yeye” inampa Zakaria ruhusa ya fimbo kabla hajaiomba. Hazisemwi hapa ili zibezwe. Zina hekima yake, na zinamtwika mzazi dhamana kubwa. Lakini udongo hauna la kusema. Rosa, akiwa na umri wa kuandikiwa barua, hana nafasi ya kunena nyumbani kwao, na riwaya inaonyesha kwamba ukimya huo ndio anaokwenda nao shule, na ndio anaokwenda nao mpaka mwisho. Katika saa yake ya mwisho hamna mtu anayemwendea, kwa sababu hakufundishwa kwamba mtu huendewa.

Zamani kazi hiyo ya kuendewa ilikuwa na wenyewe. Jamii za pwani zilikuwa na somo na kungwi, mtu mzima asiye mzazi, ambaye mwari aliweza kumwuliza yale asiyoweza kumwuliza mama. Mtazamo huu unaifungua vizuri Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), riwaya iliyowahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Bwana Maksuudi hamlevyi mtu wala halewi kama Zakaria, ila anafungia. Maimuna analelewa ndani ya kuta kana kwamba dunia ni maradhi ya kuambukiza. Anapotoka, mtu mzima wa kwanza kumshika mkono ni Bi. Farashuu, mwenye kisasi chake na baba mtu. Huyu ni somo aliyepinduliwa: anajua mambo yote ambayo msichana angehitaji kujua, na anayatumia kumpoteza. Kutoka hapo hadi kwa Bi. Kirembwe, na kutoka kwa Bi. Kirembwe hadi kwenye pombe, njia ni ya mteremko. Mwandishi haitumii pombe kama pambo la uovu. Maimuna anakunywa kwa sababu pombe ndiyo mlango pekee katika nyumba anazopita ambao haufungwi kwa nje.

Wahakiki kadhaa huiona riwaya hii kuwa dhaifu kuliko Rosa Mistika katika hitimisho lake, kwa kuwa Maimuna anaokoka. Ni kweli kwamba kurejea kwake kunategemea sadfa zaidi ya inavyopendeza, na kwamba baadhi ya sura za mwisho zinakwenda mbio. Lakini inafaa kuuliza ni kwa nini anguko lisilo na njia ya kurudi lihesabiwe kuwa sanaa ya juu zaidi. Kabi, anayemjua Maimuna tangu siku zake za ulevi, hamdai hesabu ya zamani zake. Kwa kitendo hicho kidogo Said Ahmed Mohamed anamjibu Charles, akiwa amekusudia au hakukusudia.

Swali la namna kifo kinavyosimuliwa si la fani peke yake. Riwaya ya Goethe kuhusu kijana Werther, iliyotoka mwaka 1774, ilidhaniwa kuwachochea vijana wa Ulaya kujiua, na mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani David Phillips aliliazima jina hilo alipoonyesha kwamba habari za kujiua zilizopewa uzito magazetini zilifuatwa na ongezeko la vifo vya aina hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna waliongeza upande wa pili: habari za watu waliofikia ukingo huo wakapata njia ya kurudi zilielekea kuwa kinga. Tafiti hizi ni za magazeti, si za riwaya, na itakuwa pupa kuzihamishia kwenye fasihi nzima nzima. Hata hivyo zinampa mwalimu sababu ya kutoisomesha Rosa Mistika kama kwamba mwisho wake haukuepukika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya kujiua kuwa takriban 727,000 ulimwenguni mwaka 2021, na kukitaja kuwa chanzo cha tatu cha vifo kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Darasa la fasihi limo ndani ya umri huo.

Udhaifu wa Kezilahabi, kama upo, umo katika kasi. Baada ya kurasa nyingi za subira kuhusu nyumba ya Namagondo, kifo kinamjia Rosa haraka mno kufuatia kukataliwa na Charles, na msomaji kijana anaweza kutoka na picha ya sababu moja na jibu moja. Kurasa za nyuma zinakanusha picha hiyo, lakini sharti mtu arudi kuzisoma. Mwalimu ndiye anayeweza kuwarudisha wanafunzi huko: kwa Zakaria, kwa barua, kwa fimbo, na kwa kila mtu mzima aliyeona akanyamaza.

Neno “hatia” nalo halikubaki lilipokuwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na kilimwezesha hakimu kumfunga hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwanafunzi anayeulizwa darasani kama Rosa ana hatia kwa kifo chake anaulizwa kwa msamiati wa sheria ambayo mahakama yenyewe imekwisha kuiweka kando.