Sifuri ya Mbita: Jinsi ya Kupima Sadfa

Ipake protini moja rangi nyekundu na nyingine kijani, zitazame kwenye hadubini, na pale zinapokutana utaona njano. Njano hiyo imewaponza wengi. Inapendeza kwenye jalada la jarida, lakini haisemi kama protini hizo zinafanya kazi pamoja au zimebanana tu, kama abiria wa matatu ya jioni kutoka Rongo kwenda Migori: mabega yamegusana, majina hawajuani.

Tatizo la kwanza ni mwanga wenyewe. Hadubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban nanomita 200, na protini nyingi hazifiki hata nanomita 10. Tena vitu vilivyopishana kwa kina huonekana vimekutana, na hilo mkaazi wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, analijua bila kuingia maabara. Usiku wa giza, wavuvi wa omena wanapowasha taa ziwani, taa mbili zilizo kwenye mstari mmoja na jicho lako huonekana moja, ingawa mitumbwi imeachana mbali. Panda kilimani, zitatengana. Anayebandika tabaka zote za seli kuwa picha moja bapa amechagua kubaki ufukweni.

Tatizo la pili ndilo ninalotaka kukaa nalo: hata mkutano wa kweli unaweza kuwa sadfa. Mwaka 1993 Manders na wenzake walitoa kipimo kinachotumika hadi leo, yaani ni sehemu gani ya nyekundu yote imeangukia penye kijani. Tuseme jibu ni 0.6. Ni nyingi au kidogo? Kama kijani kimejaa kwenye seli nzima, nyekundu ingeangukia wapi kwingine? Namba hiyo haina maana mpaka uiweke kando ya ile ambayo bahati peke yake ingeizaa.

Mwaka 1996 van Steensel na wenzake walikuja na njia rahisi: sukuma picha moja pembeni kidogo kidogo, uone kama mkutano unapungua. Mwaka 2004 Costes na wenzake wakaenda mbele zaidi. Wao huikata picha moja vipande vidogo, huvichanganya kama karata, hupima upya, na kurudia mara 200. Picha halisi ikizishinda zaidi ya 95 katika kila 100 ya hizo za kuchanganywa, ndipo wanasema mkutano si wa bahati.

Ufundi uko kwenye ukubwa wa kipande. Ukichanganya pikseli mojamoja, unaharibu jambo ambalo bahati haiwezi kuliharibu: mwanga wa chembe moja humwagikia pikseli za jirani, kwa hiyo pikseli hizo haziko huru. Picha zako za kubahatisha zitakuwa vumbi tupu, na karibu picha yoyote halisi itazishinda. Ndiyo maana kipande hukatwa kwa kiasi cha doa dogo kabisa ambalo hadubini inaweza kulionyesha.

Na unachanganyia wapi? Nenda Karungu, ufukweni Migori, uhesabu mitumbwi na yangeyange. Ukiipima kaunti nzima, mpaka mashamba ya tumbaku ya Kuria, utaapa kwamba ndege hao wanaifuata mitumbwi. Ukipima ndani ya ufukwe peke yake, huenda ukakuta kila mmoja amefuata maji kwa sababu zake. Kwenye seli, weusi wa nje ya utando ndio Kuria yako. Uondoe kwanza.

Sasa twende kwa mbu. Kituo cha icipe kina kampasi Mbita, kaunti ya Homa Bay, iliyopewa jina la mwanzilishi wake, Thomas Odhiambo. Mei 2020, Jeremy Herren na wenzake wa icipe, pamoja na watafiti wa Uingereza, walichapisha katika Nature Communications habari za kijidudu jamaa wa kuvu, Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu Anopheles arabiensis na kurithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa mayai. Hadubini ilikionyesha kwenye utumbo na kwenye ovari. Lakini lililotangaa ni jingine: mbu waliokamatwa nje wakiwa na kijidudu hicho hawakuonekana kuwa na vimelea vya malaria. Sifuri.

Hapa swali la protini limegeuzwa tu. Kule tunauliza kama kukutana ni bahati. Huku tunauliza kama kutokutana ni bahati.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Umekamata mbu 1,000. Asilimia 5 wana Microsporidia MB, yaani 50. Chukulia asilimia 2 ya mbu wote wana malaria. Kama viumbe hawa wawili hawahusiani kabisa, ungetarajia mbu mmoja tu mwenye vyote viwili. Uwezekano wa kukosa hata huyo mmoja ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 50: takriban 0.36. Zaidi ya mara moja katika tatu, sifuri ingekuja yenyewe! Ili sadfa ishuke chini ya asilimia 5, unahitaji mbu wapatao 150 wenye Microsporidia MB, na kuwapata hao ni kukamata mbu kama 3,000.

Ukiwakamata mbu hao Migori, ugumu unaongezeka. Mwaka 2017 kaunti hiyo ilipuliziwa dawa ndani ya nyumba, na mbu wenye malaria wakipungua, sifuri hupatikana kwa bei rahisi zaidi. Kwa kiwango cha nusu ya asilimia moja utahitaji wapatao 600 wenye kijidudu, si 150. Kadiri dawa inavyofanya kazi vizuri, ndivyo mtafiti wa mbu wa porini anavyozidi kutaabika.

Halafu kuna yangeyange wa Karungu. A. arabiensis huuma ng'ombe pia, na ng'ombe hawampi malaria ya binadamu. Tuseme mbu wenye Microsporidia MB wametoka zaidi kwenye vibanda vya ng'ombe: wangeonekana wamekingwa, kumbe hawajawahi kuonja damu yenye vimelea. Dawa yake ni ileile ya ufukweni: changanya ndani ya eneo moja, mbu wa nyumba moja na wa nyumba hiyohiyo, mtego kwa mtego.

Herren na wenzake hawakuishia kwenye mitego. Waliwapa mbu damu yenye vimelea, kisha wakatafuta sporozoiti, hatua ya kimelea inayoingia kwa mtu mbu anapouma. Kwa wale wenye Microsporidia MB hawakuziona. Kwangu hilo ndilo lenye uzito, na hesabu inaonyesha sababu. Ikiwa mbu 30 katika kila 100 waliolishwa wangeambukizwa kwa kawaida, basi kumi wenye kijidudu wakitoka safi wote, uwezekano wa sadfa ni chini ya asilimia 3. Mbu kumi wa maabara wamefanya kazi ya mamia wa mtegoni, na suala la ng'ombe limeondoka, maana wote wamekunywa kikombe kimoja.

Ukitaka kurudi kwenye hadubini, utumbo ndio mahali pa kuanzia. Kimelea cha malaria lazima kipenye ukuta wake ili kifike upande wa pili, na Microsporidia MB inakaa humohumo. Paka kimoja nyekundu na kingine kijani, chora mpaka kufuata ukuta wa utumbo tu, kata vipande vya kiasi cha doa, changanya mara 200. Tabaka za picha usizibandike.