Ngozi, Ukingo na Hewa ya Tana

Mto Tana uliipa Kenya lahani ya wimbo wake wa taifa. Mwaka 1963, wimbo ambao mama wa Kipokomo alimbembelezea mwanawe ulichukuliwa na jopo la wanamuziki, ukatiwa maneno mapya, na tangu hapo nchi nzima husimama unapopigwa. Bonde hili limejaliwa jambo jingine la muziki ambalo halisemwi sana: ngozi. Waorma hushusha ng'ombe wao deltani kiangazi kinapokaza, na Garsen, mji wa daraja kwenye barabara ya Malindi kwenda Lamu, huchinja ng'ombe na mbuzi. Ndani ya ngozi hizo mna kiwambo cha ala ya nyuzi, na mna gundi ya kukibandikia.

Gambusi la kale la pwani linaonyesha ngozi inavyofanya kazi. Tumbo na shingo huchongwa kwenye gogo moja, kisha uwazi wa tumbo huwambwa ngozi mbichi iliyoloweshwa, ikikauka hukaza. Udi na gitaa ni kazi nyingine. Hapo uso wa mbao nyembamba hukutana na mbavu, na kwenye kona hiyo fundi anaweza kupitisha utepe wa mbao au plastiki kuzunguka ala nzima. Msikilizaji huuona kama pambo tu. Fundi anajua kwamba utepe huo unaziba ncha za nyuzi za mbao, mahali ambapo unyevu hupenya upesi kuliko kwingine, tena ndio unaopokea kishindo ala inapogonga mlango wa matatu.

Utepe ni mwembamba, na gundi ndiyo inayoushika. Mwenye haraka huchukua chupa iliyo karibu. Fundi mwenye kuiheshimu kazi huuliza kwanza utepe ni wa kitu gani, na ala itaishi wapi.

Gundi ya ngozi ndiyo mzee wa karakana. Mabaki ya ngozi hulowekwa kwenye maji ya chokaa, huoshwa, kisha hutokoswa kwa moto mdogo. Supu yake hukaushwa ikawa punje za rangi ya asali. Siku ya kazi punje hulowekwa kwenye maji baridi mpaka zivimbe, na chombo chake huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, joto likizungukia nyuzi 60 za Selsiasi. Ikichemka, nguvu zake zimekwenda. Fundi huchovya kidole, hukigusanisha na kidole gumba, huviachanisha polepole: gundi iliyo tayari huvutika ikatoa vijiuzi vyembamba kama utando wa buibui. Inapokauka hunywea, na katika kunywea huko huzivuta mbao mbili zishikane.

Katika karakana za baridi za Ulaya gundi hii huganda upesi mno, hata mafundi hulazimika kupasha mbao kwanza. Garsen jua hufanya kazi hiyo bure. Mbao zilizokaa kibarazani asubuhi humpa fundi nafasi ya kuuzungusha utepe wote kabla gundi haijaganda. Lakini joto hilo likifuatana na unyevu mwingi, kama nyakati za masika, gundi ya ngozi hulegea. Gundi nyeupe ya seremala nayo hulainika ikifungiwa ndani ya gari juani, na ikikabiliwa na mvuto wa muda mrefu husogea kidogo kidogo. Kwa utepe wa mbao, gundi ya ngozi bado inastahili nafasi ya kwanza, mradi kingo zote zipakwe vanishi kuzuia unyevu. Mpingo una mafuta yake, kwa hiyo hupanguswa kwa asetoni kabla ya kupakwa gundi. Fundi anayeruka hatua hiyo hujitafutia lawama.

Plastiki ina masharti yake. Seluloidi, iliyoanza kutengenezwa Marekani karibu mwaka 1870, haishikwi vizuri na gundi ya ngozi, ila asetoni huiyeyusha. Hapo kuna ufundi wa kupendeza: vipande vilivyobaki huyeyushwa kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito, na uji huo ndio gundi, wenye rangi ile ile ya utepe. Jiko na sigara vikae mbali, maana seluloidi na asetoni zote mbili hushika moto kwa urahisi.

Supa gluu, iliyogunduliwa mwaka 1942 na kuanza kuuzwa mwaka 1958, hushikishwa na unyevu, kwa hiyo katika hewa ya pwani haikawii. Kwa kuziba ufa mdogo wa utepe ni msaada mkubwa. Kwa kuzungushia ukingo mzima ni hatari, kwa sababu haimpi fundi nafasi ya kurekebisha, na ikipenya kwenye ncha za mbao isiyopakwa vanishi huacha doa ambalo msasa hauliondoi.

Kushikilia utepe hadi gundi ikauke hakuhitaji vifaa vya gharama. Tyubu kuukuu ya baiskeli hukatwa mikanda mirefu, ikazungushwa ala nzima, mkanda juu ya mkanda. Mpira hukaza sawasawa hata pale kiunoni mwa gitaa, ambapo utepe hupenda kuinuka.

Kiunoni ndipo penye matatizo baada ya miaka mingi pia. Seluloidi hunywea kadiri kafuri yake inavyotoroka, ikafupika, ikabanduka mbavuni. Fundi mzoefu haibandiki kwa nguvu. Huiachia taratibu kutoka nyuma ya ala hadi kiunoni, akaurudisha utepe mahali pake, na pengo linalobaki nyuma akalijaza kipande kipya kwa uji wa asetoni.