Saba, saba, saba: mafunzo ya maumivu yanaishia wapi?

Ngoja nikuonyeshe chati moja. Niliikuta nikikusanya data za uzamili kwenye wodi ya upasuaji ya hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa ni mama aliyepasuliwa tumbo siku moja kabla. Kwenye mstari wa maumivu, unaojazwa namba kuanzia 0 hadi 10, imeandikwa: saa 12 asubuhi, 7. Saa 6 mchana, 7. Saa 12 jioni, 7. Ukifungua ukurasa wa dawa unakuta parasetamoli ileile ya jana, dozi ileile.

Nilipomuuliza muuguzi wa zamu, alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Dada, huku kwetu kila siku ni Sabasaba."

Wodi ile ilikuwa imetoka kupata mafunzo ya kupima na kutibu maumivu. Mimi mwenyewe nilihudhuria, cheti ninacho. Kabla ya mafunzo mstari wa maumivu ulikuwa mtupu, baada ya mafunzo ukajaa saba. Sasa wewe niambie, tuseme yamefaulu?

Herufi tatu

Semina yetu ilikuwa ya hapa nyumbani, ila ilikopa mtindo wa kozi inayojulikana duniani kwa jina la Essential Pain Management. Kozi hiyo iliandaliwa na madaktari wawili, Roger Goucke wa Australia na Wayne Morriss wa New Zealand, ikaanza kufundishwa Papua New Guinea mwaka 2010. Ni ya siku moja. Moyo wake ni hatua tatu: tambua, pima, tibu. Kwa Kiingereza herufi za mwanzo za hatua hizo zinaunda neno la panya, ndiyo maana hakuna anayezisahau.

Mtindo huu una mazuri mengi. Daktari, muuguzi na mfamasia wanakaa meza moja, jambo ambalo hospitalini hutokea kwa nadra. Mihadhara ni mifupi, muda mwingi unaenda kwenye kujadili visa vya wagonjwa. Wenyeji nao wanafundishwa kufundisha, ili wasisubiri wageni warudi na projekta. Na kabla ya kutaja dawa unalazimika kujiuliza: haya ni maumivu ya ghafla au sugu? Ya saratani au la? Yanatoka kwenye jeraha au kwenye mishipa ya fahamu yenyewe?

Jambo lililonigusa zaidi ni kupima mara mbili, mgonjwa akiwa ametulia na akiwa anajisogeza. Mtu aliyepasuliwa tumbo akilala bila kujitikisa anaweza kukuambia 3. Mwambie akohoe, inaruka hadi 8. Kwa kuwa kukohoa kunauma, hakohoi. Anavuta pumzi fupifupi, makohozi yanatuama chini ya mapafu, na nimonia inapata njia. Kwa hiyo kutuliza maumivu ni zaidi ya huruma; ni sehemu ya kumfanya mgonjwa apone.

Mgonjwa wa kuigiza

Zoezi letu la vitendo lilikuwa maigizo. Wawiliwawili, mmoja mgonjwa, mwingine muuguzi. Nikamuuliza mwenzangu, "Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" Akajibu papo hapo, "Nane." Tukapigiwa makofi, tukaenda kunywa chai.

Wiki iliyofuata nilisimama kando ya kitanda cha bibi mmoja mwenye kisukari na vidonda vya mguu. Muuguzi akaanza kama sote tulivyolelewa.

"Shikamoo bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Salama, namshukuru Mungu."

"Maumivu je, kutoka sifuri hadi kumi?"

Bibi akamtazama. "Inauma tu, mwanangu. Namba nitazitoa wapi?"

"Pole bibi." Akaandika 5, akapita.

Hapa ndipo mafunzo yetu yalipopwaya. Kiswahili kina adabu zake. Ukiulizwa hali unajibu salama kwanza, hata kama mguu unaoza. Shida inakuja baadaye, nyuma ya neno "ila", kama muulizaji bado yupo. Halafu tuna "pole", neno zuri kweli, lakini kwenye wodi yenye vitanda vingi mara nyingi ndilo linalofunga mazungumzo. Ukishasema pole unajihisi umeshatibu.

Mimi nilibaki, nikauliza, "Inaumaje, bibi?" Akasema usiku nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa, halafu inapiga kama shoti ya umeme. Kuwaka na shoti ni lugha ya mishipa ya fahamu iliyoharibika. Maumivu ya namna hiyo hayasikii sana parasetamoli wala diklofenaki, na dawa inayojaribiwa mara nyingi ni amitriptilini kwa dozi ndogo. Ile 5 ya kubuni haikuwa na habari hiyo. Lugha yetu inayo tele: tumbo linanyonga na kuachia, jipu linapwita, mguu una ganzi, kifua kinachoma. Semina nzima hatukufanyia mazoezi hata neno moja kati ya hayo. Hata njia ya mkono, inayotumika kwenye tiba shufaa barani Afrika, hatukuigusa. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kabisa. Bibi asiyetaka namba angeweza kuinua vidole.

Marekani walishapita hapa

Miaka ya 1990 chama cha wataalamu wa maumivu cha Marekani kilihimiza maumivu yahesabiwe kama kipimo cha tano cha lazima, pamoja na joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu. Hospitali za maveterani wa jeshi zikaanza kampeni hiyo mwaka 1999. Mwaka 2006 ukatoka utafiti uliolinganisha mafaili ya kabla na baada kwenye kliniki ya maveterani. Ubora wa tiba ya maumivu haukupanda. Kati ya waliotaja 4 au zaidi, 52% hawakuanzishiwa tiba yoyote mpya siku hiyo. Sabasaba ya kwao, yaani.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyapenda, wamejifunza, wamebadili wanavyofanya kazi, na matokeo yamebadilika. Semina yetu ilitupa fomu ya maoni na mtihani wa kuchagua jibu, asubuhi na jioni. Hizo ni ngazi mbili za kwanza. Yule mama wa tumbo yuko kwenye ngazi ya nne, na huko hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia.

Kalamu na ufunguo

Usimlaumu muuguzi haraka. Alijua kabisa kwamba 7 inadai kitu kizito kuliko parasetamoli. Lakini hakuwa na ruhusa ya kuandika morfini, daktari alikuwa teatre, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu ambaye hayupo zamu. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Semina isiyozungumzia kabati inamfundisha mtu kuandika namba asiyoweza kuishusha.

Linganisha na Uganda. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilianza na morfini ya maji inayochanganywa kutoka unga, ya kunywa, ya bei nafuu. Kisha ikafundisha. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosoma kozi ya tiba shufaa ya miezi 9 kuandika morfini wenyewe. Yaani anayefunzwa anapewa kalamu, na kalamu ina dawa ya kuandika.

Najua utasema miezi 9 haiwezekani kwa kila muuguzi. Kweli. Na morfini si jibu la kila maumivu. Nyayo za bibi zilidai kitu kingine. Sisemi siku moja ifutwe. Nasema siku hiyo ipangwe upya. Mchana utumike vitandani, kwa wagonjwa wa kweli na Kiswahili chao. Mwenye ufunguo wa kabati na daktari anayeandika dawa wawe darasani, na wasitoke kabla hawajakubaliana nani anapigiwa simu 7 ikitokea usiku. Na wakufunzi warudi baada ya mwezi, wafungue chati, watafute kitu kimoja tu: namba ya pili. Baada ya 7 na dawa, je, kuna mtu alirudi kuuliza tena?

Nami sijitoi. Maneno ya bibi niliyapeleka kwa daktari wa zamu kama yalivyo, na amitriptilini ikaandikwa. Nikarudi kwenye data zangu. Siku tatu baadaye nikakumbuka kwenda kumuuliza kama nyayo bado zinawaka usiku, nikakuta kitanda kina mtu mwingine. Chati yake ilikuwa na ile 5 tu.

Kwa hiyo ukilazwa, au ukimuuguza ndugu, salimia kama ulivyolelewa, halafu usiishie kwenye salama. Sema panauma wapi, panaumaje, na nini kinashindikana: kulala, kukohoa, kunyonyesha. Ukipewa dawa, muulize muuguzi: utarudi saa ngapi kuniuliza?