Litungu na Maneno Yake

Litungu la Wakurya, au iritungu kama linavyoitwa kwao Tarime na Serengeti, aghalabu husifiwa kwa umbo lake: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi nane zenye mvumo mzito. Sifa hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya sifa. Mpigaji wa litungu ni malenga. Nyuzi humtangulia, humwitikia, na pengine humnyamazia ili neno lisikike. Atazamaye ala akaacha utungo ni kama aliyesifu kidau cha wino, waraka asiusome.

Hasara ya sifa za namna hii ilikwisha kuonekana mbali, huko Ayalandi, katika zama za wafalme wa Uingereza walioitwa George (1714–1830). Mwezi wa Julai 1792 wapiga vinubi kumi wa nchi hiyo, pamoja na mmoja wa Wales, walikusanyika Belfast. Mkongwe wao, Denis Hempson, kipofu aliyepita miaka 90, alicharaza nyuzi za waya kwa kucha, kama ilivyokuwa desturi ya kale. Kijana Edward Bunting aliwekwa kuandika lahani zao. Aliandika lahani, maneno hakuyaandika. Mwaka 1802 ndipo alipomtuma mwalimu Patrick Lynch kwenda Connacht kuyatafuta, na Lynch akarudi na mashairi tele. Lakini kitabu cha Bunting kilipotoka mwaka 1809, lahani zile zilivishwa mashairi ya Kiingereza, na kazi ya Lynch ikalala katika makaratasi zaidi ya karne moja. Miaka kumi hivi baadaye, John Egan wa Dublin aliunda vinubi vidogo vya sebuleni, vimepakwa rangi na kunakshiwa majani ya klova kwa dhahabu. Ni kazi za fundi hodari, nani atabisha? Ila nakshi ile ilizidi kung'aa kadiri malenga walivyopungua.

Mwambao ulibahatika. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, santuri zilinasa sauti, ala na maneno pamoja, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Litungu linapopandishwa jukwaani mbali na kwao, hushangiliwa mvumo wake na viatu vya mbao vya wachezaji. Utungo wa Kikurya hupita kama upepo. Mshereheshaji hutaja kabila, asiseme ubeti hata mmoja una maana gani. Na baadhi ya wapenzi wa ushairi, wakikosa vina na mizani waliyoizoea, huharakia kusema hapana shairi pale, ilhali mizani imo katika vidole vya mpigaji.

Basi anayetaka kuhakiki sanaa hii na aanze na maneno, yaandikwe kwa Kikurya chake, mstari kwa mstari, pamoja na lahani. Tafsiri ya Kiswahili ifuate, lakini ifuate nyuma.