Kiumbe Aliyenyang'anywa Sauti: Juu ya Urithi wa Frankenstein

Mwaka 1818 ilichapishwa mjini London riwaya ya kutisha iitwayo Frankenstein, bila jina la mtunzi. Mary Shelley aliianza mwaka 1816 karibu na Geneva, akiwa na umri wa miaka 18. Tangu hapo jina hilo limewafikia hata wasiopata kukifungua kitabu chenyewe, nao hudhani ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la mwanafunzi Victor Frankenstein aliyemwumba kiumbe. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina. Basi twauliza: iliyoenea duniani ni riwaya, au ni kivuli chake?

Kivuli hicho kilitokea mapema. Mchezo ulioonyeshwa London mwaka 1823 ulimfanya kiumbe kuwa bubu. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 ilimwachia miguno tu, tena ikampa ubongo wa mhalifu, hata ubaya wake ukaonekana kuwa ni wa maumbile. Riwaya yasema kinyume. Kiumbe hujifunza lugha kwa kuwasikiliza jamaa maskini kwa siri, husoma utenzi wa Milton juu ya Adamu, kisha hutoa mashtaka yake kwa ufasaha: Adamu alitunzwa na Muumba wake, bali yeye alikimbiwa usiku ule ule alipofumbua macho.

Wengi hukitumia kisa hiki kuonya kwamba mwanadamu asiingilie kazi ya Mungu. Tangu mwaka 1992 hata vyakula vilivyobadilishwa vinasaba vimebandikwa jina la Frankenstein. Onyo hilo lina nafasi yake, kwani kiburi cha Victor ni dhahiri. Lakini dhambi inayozaa msiba wote ni kumtupa aliyeumbwa. Wahenga walinena: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza sehemu ya kwanza ya Imani hakutenga kuumba na kutunza.

Hatusemi kwamba kiumbe hana hatia. Alimwua mtoto William, na Justine asiye na kosa akanyongwa kwa ajili ya damu hiyo. Hata hivyo, mhubiri atakayekitaja kisa hiki mimbarani na akisome kwanza, asije naye akamnyang'anya kiumbe ulimi wake. Maana mashtaka yale yamwelekea kila aliyeleta uhai duniani, kisha akaugeuzia kisogo.