Ziba mbu, usizibe hewa: nyumba ya mbao Ubaruku na kanuni ya Darmstadt

Ushauri wa kujenga nyumba za mbao unaotoka Ulaya na Amerika Kaskazini una amri moja kubwa: ziba kila tundu. Utepe kwenye maungio, nailoni ndani ya ukuta, mpira kwenye fremu ya mlango, mpaka hewa isipate pa kupita. Ukiuchukua ushauri huo jinsi ulivyo na kuupeleka Ubaruku, wilayani Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga ya Usangu, utajenga tanuri. Ukiutupa wote, utakuwa umewafungulia mbu mlango. Leo tuukosoe ushauri huu, kisha tumkosoe na mpinzani wake, maana naye ana mapengo.

Kanuni yenyewe si ya kijinga

Tuwe waungwana kwanza. Kipimo kinachojulikana zaidi ni kile cha Passivhaus, kilichokua kutokana na nyumba zilizokamilika Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991. Unafunga feni maalumu mlangoni, unatengeneza tofauti ya mgandamizo ya paskali 50 kati ya ndani na nje, halafu unapima hewa inayovuja. Kwa saa moja isizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba.

Sababu inaeleweka. Kule baridi ni kali, na hewa ya moto ikitoroka, pesa ya kupasha nyumba joto imetoroka nayo. Tena hewa yenye unyevu ikipenya ukutani na kukutana na ubao wa baridi, inageuka maji, na ubao unaoza. Lakini kanuni hiyo ina nusu ya pili ambayo wanaonakili huisahau: ndani ya nyumba kuna mashine inayobadilisha hewa usiku na mchana. Ukichukua utepe ukaiacha mashine, umechukua nusu ya dawa.

Tupige hesabu

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.7. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 24, yaani lita 24,000. Wanalala watu wanne. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban lita 12 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Tuseme wote wanne ni watu wazima: lita 48 kwa saa, sawa na asilimia 0.2 ya hewa yote ya chumba. Kwa lugha ya wapimaji, ni sehemu 2,000 katika milioni zinazoongezeka kila saa. Hewa ya nje ina kama 420 tu. Chumba kikizibwa kweli kweli, baada ya saa nne umevuka 8,000. Hutakufa kwa hiyo, ila utaamka kichwa kizito. Mtu akiingiza jiko la mkaa humo ndani, habari inabadilika kabisa: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Sasa hapa kuna jambo linaloihusu Ubaruku moja kwa moja. Mbu jike humtafuta mtu kwa kufuata kaboni dayoksaidi anayoipumua. Chumba kilichojaa hewa nzito, chenye upenyo mmoja chini ya mlango, kinawatumia mbu mwaliko. Kwa hiyo kuziba nusunusu kunaweza kukupa hasara mbili: joto la kutosha kukufanya utupe chandarua pembeni, na mbu wale wale.

Halafu kuna bati. Katika nyumba za majaribio huko Gambia, watafiti waliona kuwa nyumba za bati zilizozibwa juu ya ukuta zilikuwa na joto zaidi, saa za mwanzo wa usiku, kuliko za nyasi zilizoachwa wazi. Tofauti ilikuwa kama nyuzi moja na nusu. Ni saa zile zile watu wanapoamua kama mlango ubaki wazi kidogo.

Mpinzani: nyumba inayopumua

Upande wa pili kuna wazo lililojaribiwa hapa hapa Tanzania. Mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 zinazoitwa Star Homes, za ghorofa moja juu, familia zikichaguliwa kwa bahati nasibu ili ulinganisho uwe wa haki. Wazo lake ni kinyume cha Darmstadt: upepo upite, mdudu asipite. Vyumba vya kulala viko juu, na madirisha yana wavu. Watoto wa nyumba hizo waliugua malaria kidogo kuliko majirani zao, na hata kuhara na magonjwa ya njia ya hewa yalipungua.

Mimi naona wazo hilo ndilo sahihi kwa Usangu. Lakini tusilishangilie tu. Kwanza, nyumba hizo zilikuja na mambo mengi kwa pamoja: choo bora, uvunaji wa maji ya mvua, jiko lisilojaza moshi. Huwezi kusema kwa uhakika ni kipi kilifanya kazi kiasi gani. Pili, mkulima wa Ubaruku hajengi kwa mradi. Anajenga kwa msimu: akivuna anapandisha ukuta, msimu unaofuata anapaua. Muundo usioweza kugawanywa vipande vipande utabaki kwenye picha. Tatu, jaribio jingine kubwa la Gambia, ambapo nyumba za mamia ya familia zilipewa bati, juu zikazibwa na milango ikawekewa wavu, halikupunguza malaria kwa watoto waliokuwa tayari wanalala kwenye vyandarua. Nyumba pekee haitoshi, hasa penye mbu kama Anopheles arabiensis, anayezaliana vizuri kwenye maji ya majaruba na anayeweza kuuma nje kabla hujaingia kulala.

Mbao nayo ina lake

Kuna kitu kambi zote mbili hazikuambii: mbao mbichi huharibu mahesabu yote. Paini inayoshuka kutoka Mafinga na msitu wa Sao Hill mara nyingi inauzwa na maji yake. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi. Ubaruku ni kama mita 1,000 na ushei, na kiangazi chake kinakausha. Ubao wa inchi 8 ukipungua upana kwa asilimia 4 tu, pengo ni milimita 8. Wavu wa mbu una matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5. Sasa wavu dirishani utakusaidia nini, ukuta wenyewe ukiwa na mapengo hayo?

Kwa hiyo kabla ya utepe na wavu, panga mbao kivulini, weka papi kati ya safu na safu, ziache zikauke kwa wiki kadhaa. Ukizipigilia wima, funika kila ungio kwa papi, na msumari wa papi upite katikati ya ungio, usishike mbao zote mbili. Ubao utapungua bila kupasuka, na pengo litabaki limefunikwa.

Juu ya mtambaa panya, pale ukuta unapokutana na bati, usijaze tope wala vipande vya tofali. Weka wavu uliobanwa kwa papi. Madirisha yawe mawili, kuta mbili tofauti, hewa ipite chumbani. Mlango ufike chini na ujifunge wenyewe. Na ukiweza kuinua sakafu, inua: Gambia, chumba kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini.

Mafinga ushauri wa kuziba una nafasi kubwa zaidi. Mwezi wa saba, katika nyumba ya mabanzi, upepo wa usiku ni adui wa kweli, ingawa hata huko lazima ubaki mlango wa hewa. Ubaruku swali ni jingine. Fundi akikwambia "hapa hapapiti kitu", muulize: kitu gani? Kama ni mbu, mlipe. Kama ni hewa, mwambie afungue.