Kigoda cha Rutshuru: Uhakiki wa Sebule Mbili

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika insha hii nahakiki sebule mbili. Ya kwanza ni ya mama yangu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Ya pili iko juu ya kilima nje ya mji wa Mbarara, nayo ni ya mtu anayekusanya vitu vya kale. Zinaunganishwa na kigoda kimoja, na nakiri mapema kwamba nina upande: fedha za kigoda hicho ndizo zilizonilipia karo ya muhula wa kwanza.

Nianze na utenzi ambao wengi wetu tumeusoma darasani. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuingiza katika majumba ya matajiri wa Pate yaliyogeuka magofu. Madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo sasa ni makao ya ndege. Tunafundishwa kuusoma utenzi huu kama onyo: mapambo ni fahari ya dunia, na dunia haidumu. Sikatai usomaji huo, ila naona unamfaa zaidi mtu ambaye bado ana nyumba ya kupoteza. Kwa aliyekwisha kuipoteza, kupamba ni ushahidi.

Tulitoka mlimani Rutshuru, Kivu Kaskazini, mwaka 2008, tukavukia Bunagana. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, mfuko wa unga kichwani na mkono mmoja mtupu. Kwa mkono huo akachukua kigoda cha babu, cha miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja. Njiani tulikikalia kwa zamu.

Sebule yake ya Nakivale ina kuta za miti na udongo, na juu kuna turubai, ambalo sisi huliita shitingi. Mezani kuna kitambaa alichokifuma mwenyewe. Makopo ya mafuta ya msaada yamepandwa maua. Kikapu chenye mfuniko uliochongoka alikinunua kwa jirani Mnyarwanda. Birika la udongo la kahawa aliachiwa na jirani Mwethiopia aliyehamishiwa Ulaya. Kigoda kilikaa karibu na mlango, na mgeni hakukikalia kabla hajasikia habari zake. Kwa upande wa fani, sebule hii ina kasoro: imejaa mno, rangi zinagombana, na kalenda za miaka iliyopita zimeachwa ukutani kwa ajili ya picha zake. Lakini kila kitu kina mtu wake, na mama anamjua kwa jina. Kadi ya mgao inataja idadi ya watu wa nyumba yetu. Sebule ndiyo inayosema ni watu gani.

Mnunuzi alikuja kutafuta vitu vya kale, akakiona kigoda, akataja bei. Nilimsihi mama asiuze. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Kiti haiwezi kukusomesha kama iko hapa." Nilikibeba mwenyewe hadi kwenye gari, nikaenda nacho Mbarara kusaidia kushusha mizigo. Ndivyo nilivyoiona sebule ya pili.

Madirisha yake makubwa yanatazama vilima vya Ankole. Kuna ngoma, mikuki, jiwe la kusagia lililowekewa maua, na ebyanzi, yaani vyombo vya mti vya maziwa, vilivyotundikwa ukutani kuanzia kikubwa hadi kidogo. Kila kitu kimepewa nafasi na mwanga. Kwa fani inaishinda ya mama, na ningekuwa mwongo nikisema sikupendezwa. Tena mwenyewe anavitunza. Kwetu mchwa walikuwa wameanza kula mguu mmoja wa kigoda.

Kasoro yake iko katika maudhui. Nilimuuliza ebyanzi vilitoka kwa nani, akajibu, "Kwa Wahima." Jioni mgeni wake mmoja aliuliza kuhusu kigoda, akaambiwa, "Ni cha Kongo." Kongo ni nchi kubwa, na babu yangu alikuwa mtu mmoja.

Mtu atasema hii ndiyo hali ya kila kitu kilichotolewa nyumbani kwake. Si lazima iwe hivyo. Makumbusho ya Igongo, pale Biharwe kwenye barabara ya Mbarara kwenda Masaka, nayo yamejaa vitu vilivyotolewa majumbani, lakini huko kitu huelezwa pamoja na kazi yake. Katika nyumba ya Wahima, ebyanzi vilipangwa juu ya jukwaa la udongo liitwalo orugyegye. Wanyarwanda wana jukwaa kama hilo, wanaliita uruhimbi. Vyombo vilifukizwa kwa moshi wa nyasi, na kuvitunza ilikuwa kazi ya wanawake. Kuvipanga kulikuwa pambo na kazi kwa pamoja. Aliyevitundika kwenye misumari kwa kufuata ukubwa amefuta sentensi ya mwanamke fulani na kuandika yake juu yake.

Kuna hoja ya kunipinga: mama aliuza kwa hiari na fedha tukazipokea. Hoja hiyo ina nguvu. Mnunuzi hakutudhulumu, na simlaumu kwa kununua. Namlaumu kwa kutouliza. Alikaa na mama saa nzima wakipatana bei, na habari za kigoda zilikuwa za bure.

Mahali pa kigoda karibu na mlango bado pako wazi. Mama hajaweka kitu kingine. Wageni huketi mkekani, naye huwasimulia habari za kigoda ambacho hakipo. Likizo iliyopita nilimsikiliza, nikaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na chini yake tafsiri ya Kiingereza, nikaupeleka kilimani. Mwenye nyumba aliusoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliniuliza jina la babu hutamkwaje. Nikamtamkia. Akalirudia mara mbili, mara ya pili akilipatia.